Neno la Pembeni mwa Ubao

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kitabu. Mwalimu mkuu, mzee mfupi wa koti la kijivu, alinifungia vipande vya chaki kwenye karatasi ya gazeti, akanisogeza mpaka dirishani. Kutoka ofisini kwake uliona chai tupu, na wachumaji wameinama, vikapu migongoni.

"Mwalimu Adhiambo," akasema, "unawaona wale? Hao ndio wazazi wa darasa lako. Kazi yako hapa ni moja tu. Kiingereza ndicho kitawatoa watoto wao kwenye majani."

Nikasema ndio, Mwalimu. Nilikuwa kijana, na maneno ya wakubwa nilikuwa nayameza mazima mazima.

Wala hakuhitaji kunionyesha. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye laini. Laini, kwa ninyi msiojua, ni zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, zote rangi moja, mlango unatazamana na mlango. Baba yangu alitoka kule kando ya ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, kwenye chumba cha kukaushia majani, na mimi nikakua nikisema Kipsigis na watoto wa jirani, Kijaluo na mama yangu, na Kiswahili na kila mtu mwingine. Kiingereza nilikikuta shuleni. Nikakipenda, nikakifundisha maisha yangu yote ya kazi. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu nimestaafu, na sitaki mtu aniwekee alama.

Ninyi walimu wa siku hizi mna tableti na mna mitandao. Sisi tulikuwa na skimu ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na mpango wa somo, huo ni wa siku moja, halafu rekodi ya kazi, pale unapoandika ulichofundisha kweli. Kwenye hiyo rekodi ndiko walimu wengi tulikojifunza kutunga hadithi. Na kila skimu ya Kiingereza ilikuwa na somo la maneno yenye maana nyingi. Unachukua neno moja la kawaida, dogo tu, halafu watoto wanatunga sentensi kuonyesha maana zake, moja baada ya nyingine.

Watoto wangu walikuwa hodari sana wa somo hilo. Walizikariri sentensi za kitabu zote. Neno likiwa 'bank', mtu alikaa ukingoni mwa mto akivua samaki, na mwingine aliweka pesa benki. Siku moja nikaandika neno 'hand', yaani mkono, na mvulana mmoja akasimama akasema, "The king waved his hand." Mfalme aliwapungia watu mkono. Nikamwuliza mfalme gani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa mbuzi.

"Wa kitabu, Madam."

Nilikasirika, na sikumkasirikia yeye. Mtoto ana mikono miwili, nyumbani kuna mikono kumi, na mkono pekee anaoweza kuusema kwa Kiingereza ni wa mfalme. Siku hiyo ndipo nilipoanzisha lile lililonipa jina. Watoto waliniita Madam Pembeni mpaka nikazoea.

Ilikuwa hivi. Jumatatu naandika neno kwenye pembe ya juu ya ubao, mkono wa kulia, nalizungushia sanduku la chaki. Kila mtoto lazima alete sentensi yake kabla neno halijaondoka, na sheria ni kwamba usiseme kitu ambacho hujakiona kwa macho yako. Mtoto akisimama akisema yake, darasa zima linamwuliza kwa pamoja, "Uliona wapi?" Anaeleza, kwa lugha yoyote anayoiweza. Akishindwa, anakaa, neno bado linamngoja. Na hakuna mtu wa kulifuta lile neno mpaka wa mwisho aseme. Mtoto wa zamu ya ubao alipita na kitambaa, akizunguka lile sanduku kwa adabu kama anayepita karibu na jiko la mama mkwe.

Sisemi nilikuwa nimegundua dawa. Lakini watoto walianza kuongea. Neno 'light' lilituletea taa za kiwandani, kikapu chepesi cha asubuhi, na kuwasha jiko kwa karatasi ya unga. Wale wa nyuma, waliozoea kujificha migongoni mwa wenzao, walikuja kunikamata langoni asubuhi: "Madam, mimi niko na sentensi." Nilikuwa na furaha kazini, na ninaisema hapa kwa sababu haitarudi tena katika habari hii.

Mkaguzi wa shule alikuja wiki ambayo neno la pembeni lilikuwa 'hand' tena. Nilikuwa nimelirudisha makusudi, kumlipizia yule mfalme. Mkaguzi alikuwa mtu mkubwa wa suti, ametoka mbali na nchi ya chai. Ofisini alinyweshwa chai, kisha akaja kukaa nyuma ya darasa langu la sita na kalamu mkononi.

Watoto walifanya vizuri. Mmoja alisema saa ya kiwandani ina mkono mmoja kwa sababu mwingine ulianguka. Mwingine akasema shangazi yake huuza nguo za mitumba Chepseon, na hapo 'hand' imo ndani ya 'second-hand'. Mkaguzi akawa anatikisa kichwa kukubali. Ndipo akasimama Chebet.

Chebet alikuwa msichana mwembamba wa sauti ndogo, mama yake mchumaji, baba hakuwepo. Alisema, "My mother's hands are black but they are clean." Mikono ya mama yangu ni myeusi lakini ni safi.

"Uliona wapi?" darasa likauliza.

"Nyumbani, akisonga kimyet," akajibu. Kimyet ni ugali.

Hakuna mtoto mle ndani ambaye hakuelewa. Ukichuma chai, maji ya jani yanakushika vidoleni, yanakauka, yanageuka rangi. Sabuni haiyatoi. Mchumaji anaweza kuosha mikono mpaka kesho, na bado vidole na viganja vitakuwa vyeusi, na nyufa zake nyeusi zaidi. Ni rangi ya kazi. Nilikuwa nimesikia sentensi nyingi katika darasa lile, na sikuwahi kupata nzuri kama hiyo.

Mkaguzi akainuka. "Hiyo sentensi ina kosa," akasema. "Kitu cheusi kinawezaje kuwa safi? Nani atamsahihisha mwenzake?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Basi wewe msichana, ukienda nyumbani mwambie mama yako aoge."

Watoto wengine walicheka. Siwalaumu, mkubwa akifanya mzaha mtoto hucheka, ndivyo tulivyowafunza. Chebet alikaa chini akaficha mikono yake mwenyewe chini ya dawati. Mkaguzi akatembea mpaka mbele, akachukua dasta, akaniuliza lile sanduku la pembeni ni la nini, na kabla sijamaliza kumweleza akalifuta. Nusu ya darasa bado walikuwa hawajasema.

Nikasema, "Samahani, Bwana Mkaguzi. Hiyo ni rangi ya chai. Hata ile chai uliyokunywa ofisini imechumwa na mikono hiyo."

Sikupaza sauti. Lakini nilisema mbele ya watoto, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Aliandika kitu, akafunga kalamu, akatoka.

Mwalimu mkuu aliniita baadaye. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Adhiambo, kwani mimi sijui ni chai? Nani hapa hajui? Lakini mkubwa akikosea, wewe unakohoa, halafu unaendelea na somo. Sasa unataka nikusaidie vipi?"

"Mwambie amwombe mtoto msamaha."

Akanifungulia mlango. "Nenda ukaandike rekodi yako ya kazi," akasema.

Kesho yake asubuhi, kabla ya gwaride, mama Chebet alikuwa langoni. Alikuwa ameacha foleni ya kazini ili anione, na nyapara wa pale hakuwa mtu wa kuachiwa foleni. Alininyooshea mikono. Alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu, na baadaye kwa jiwe la kusugulia miguu. Katikati ya weusi kulikuwa na nyama nyekundu.

"Mwalimu, angalia," akasema. "Imetoka kidogo. Hii ingine itatoka pole pole. Mwambie huyo mkubwa asifukuze mtoto."

Nilimwambia hakuna atakayemfukuza mtoto. Nilimwambia arudi kazini, na apake mafuta. Nilisema hivyo, apake mafuta, kwa sababu sikuwa na neno lingine kwa lugha yoyote. Halafu nikaingia choo cha walimu nikalia mpaka kengele ikalia.

Uhamisho wangu ulikuja muhula haujaisha. Uliitwa uhamisho wa kawaida. Nikapelekwa Chebunyo, upande wa Chepalungu, ambako chai unaiona kwenye kikombe tu. Huko ni ng'ombe na mahindi, na jua. Mwalimu mkuu wa kule alikuwa mzee mpole aliyekuwa akihesabu miaka yake ya mwisho, akaniambia, "Fanya unavyotaka, mradi skimu ziwe zimepigwa muhuri." Kwa hiyo neno la pembeni liliishi. Watoto wa Chebunyo walinipa sentensi za ng'ombe tu, neno lolote nililoandika lilikwenda likarudi na ng'ombe, na mimi nikajifunza maradhi ya mifugo kwa Kiingereza. Sikuwa na uchungu sana huko.

Uchungu wenyewe niliupata Londiani, nilipohamishwa tena. Kule kwenye baridi na viazi nilimkuta mwalimu mkuu mwanamke, mchapa kazi, ambaye wastani wa mtihani ulikuwa ndio pumzi yake. Mwezi wa kwanza alisimama mlangoni mwa darasa langu, akasikiliza watoto wakiuliza "Uliona wapi?", akaningoja nje.

"Mwalimu, mtihani unamwuliza mtoto aliona wapi?"

"Hapana, Madam."

"Basi na wewe usimwulize."

Nilikuwa na watoto wa kusomesha mwenyewe, na nilishajua barabara ya Chebunyo inaelekea wapi. Nikafuta sanduku. Nikarudisha kingo za mto na benki na mfalme anayepunga mkono. Watoto walikariri, na wastani ukapanda, ukapanda tena. Siku ya zawadi niliitwa mbele, nikapewa chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto, yenye maua ubavuni. Wazazi wakapiga makofi. Chupa hiyo bado ninayo, inahifadhi joto vizuri sana, na kila nikiimimina nakumbuka niliipata kwa kunyamaza.

Kituo cha mwisho kilikuwa Chepseon, karibu na kiploti cha ardhi tulichonunua mimi na mume wangu, Mungu amrehemu. Nikastaafu hapo. Walinitengenezea sherehe, afisa wa elimu akasema mimi ni nguzo, nikapewa blanketi na chupa nyingine ya chai. Ukiwa mwalimu Kenya hii utastaafu bila nyumba, lakini chupa za chai hutakosa.

Chebet sikuwahi kumpoteza. Alikuwa akiniletea matokeo yake kila alipofanya mtihani, popote nilipokuwa. Alifaulu. Akaenda sekondari, akaenda chuo cha ualimu, akasomea Kiingereza, na aliponiambia hivyo kwenye simu nilikaa kitako. Nikasema yule mzee wa koti la kijivu alikuwa na haki. Kimemtoa kwenye majani.

Kilimtoa, kikamwacha barabarani. Amesubiri kuajiriwa serikalini miaka mingi, kila nafasi zikitangazwa anapeleka vyeti, na anayepata ni mtu mwingine. Na huku nyumbani zikaja mashine za kuchumia. Mmeziona. Watu wachache wanaishika juu ya chai, inanguruma, inanyoa kilichokuwa kazi ya wanawake mstari mzima. Mama Chebet aliambiwa mkono wake hauhitajiki tena. Na mtu wa laini akikosa kazi anakosa na nyumba, kwa sababu nyumba ni ya shamba. Mama na binti wakaja kupanga chumba hapa nyuma ya maduka, na sasa ni majirani zangu.

Siku hizi kinachowalisha ni kompyuta. Chebet alinieleza kazi yake nikadhani ananitania. Kuna watu mbali, hajawahi kuwaona, wanamtumia neno la Kiingereza la kawaida lenye maana nyingi. Yeye anaandika sentensi kwa kila maana, ili kompyuta zijifunze kuongea kama mtu. Nilicheka. Nikamwambia, "Basi wamekuja kwenye somo letu."

Hakucheka. "Mwalimu, mashine ilimtoa mama shambani. Sasa mimi ndiye naifundisha kuongea."

Mchana mmoja, si zamani, alikuja kwangu na kompyuta yake, stima ikiwa imepotea kule kwao. Mama yake alikuja naye, akakaa hapo mlangoni kwenye mwanga, akichambua maharagwe kwenye ungo. Chebet alikuwa amebadilika uso. Sentensi zake zilikuwa zinakataliwa, na alishaonywa. Fungu moja zaidi la sentensi likikataliwa wanamfungia kazi, na akifungiwa hawana kingine, wala yeye wala mama.

"Neno gani?" nikamwuliza.

Akageuza kompyuta niione. 'Hand'.

Alikuwa ameandika saa ya kiwandani yenye mkono mmoja. Ameandika mitumba ya Chepseon. Zile zile, za darasa la sita, alizihifadhi miaka yote hiyo kichwani. Na juu ya zote ameandika, mikono ya mama yangu ni myeusi lakini ni safi. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu. Kule nako kuna mkaguzi, ila hana sura. Alikuwa amesema kwamba sentensi si ya kawaida, kwamba mikono haiwezi kuwa myeusi na safi kwa wakati mmoja, na kwamba mwandishi arekebishe.

Nikakasirika kama zamani. Nikamwambia amwandikie. Nikamwambia amweleze habari ya maji ya jani, amweleze kwamba...

"Nilimweleza," akasema Chebet. "Hakuna mahali pa kueleza, nikaandika hapo hapo kwenye sentensi. Ndilo hilo onyo la pili."

"Hakukuuliza uliona wapi?"

"Mwalimu. Hawaulizi."

Nilimtazama huyu mtoto, mtu mzima sasa, mwalimu mwenzangu asiye na darasa. Nilikuwa na jibu lake. Nilikuwa nalo tangu Londiani, limekaa kichwani mwangu safi, halijawahi kutumika kwa kitu chochote cha kweli. Nikavuta kiti.

"Andika," nikasema. "The king waved his hand."

Vidole vyake vilisimama. Halafu akaniuliza, polepole, bila kuniangalia, "Uliona wapi?"

"Andika tu, mwanangu."

Akaandika. Nikamsomea zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Mtoto aliinua mkono kuuliza swali. Mikono ya saa ilionyesha adhuhuri. Bwana mmoja aliomba mkono wa binti katika ndoa. Hakuna hata moja iliyokuwa na mtu ndani. Alizituma, tukangoja, nikamimina chai kutoka chupa ya Londiani, na kabla hatujamaliza vikombe majibu yakarudi ya kijani. Zimepita zote. Chini wamemwandikia, kazi nzuri.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kukataa sentensi hizo, na siku moja zilipohitajika zilifaulu zote. Mnaoanza kazi, nilitaka niwaachie neno la kuwatia moyo, nami sinalo. Yule mkaguzi wa suti alishinda. Alishinda akiwa amekwisha kustaafu, pengine amekwisha kufa, na hata hajui.

"Na hii ya mama?" Chebet akauliza. Ilikuwa imebaki peke yake juu, na wekundu wake. "Wanataka niitoe ndio wafunge kazi. Nifute?"

Nikatazama mlangoni. Mama yake akauliza mlangoni kuna nini, na Chebet akamweleza kwa Kipsigis, kwa maneno machache. Mama akaweka ungo chini. Akanyoosha mikono kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. Tangu atolewe shambani ile rangi ilikuwa imetoka yenyewe, bila ndimu, bila jiwe. Viganja vilikuwa vimetakata kabisa. Havikuwa na alama hata moja ya kuonyesha viliwahi kufanya kazi yoyote.

"Futa tu," akasema. "Na yule mkubwa wenu, siku mkimwona, mwambieni nimeshaoga."

Chebet akafuta.